Jembe Lisilo Adhabu: Bustani, Upweke na Afya ya Akili Dodoma

Nianze kwa kukiri kosa. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa darasani, mwanafunzi mmoja alijibu swali langu kwa maelezo yaliyozunguka huku na huko yasifike popote. Badala ya kumsaidia kuyapanga mawazo yake, nilimtania mbele ya wenzake: "Ndugu yangu, wewe umebakiza kupanda daladala ya Mirembe tu." Darasa zima likaangua kicheko.

Utani huo kila Mtanzania anaujua. Mirembe, hospitali ya taifa ya afya ya akili, imekuwapo hapa Dodoma tangu miaka ya 1920, na kwa karibu karne nzima jina lake limetumika nchini kote kama tusi jepesi la kuwachekea watu. Lakini siku ile binti mmoja aliyeketi nyuma hakucheka. Baada ya kipindi alinifuata ofisini, akasimama mlangoni, akasema kwa adabu: "Dokta, mama yangu amelazwa pale. Naomba usiseme tena vile." Nilimwomba radhi, ila radhi yenyewe ilikuwa ya mdomoni. Baada ya wiki moja nilikwisha kusahau.

Naandika makala haya kwa sababu baadaye mimi mwenyewe niliugua, na kwa sababu kilichonishika mkono wa kwanza katika kupona hakikuwa kitabu wala hotuba, bali kipande cha ardhi kisichozidi hatua nane kwa sita nyuma ya nyumba ya kupanga.

Nilihamia Dodoma mwaka 2017. Wasomaji wengi mnakumbuka hali ya miaka ile. Uamuzi wa kuifanya Dodoma makao makuu ulipitishwa mwaka 1973, ukakaa kwenye makabrati kwa zaidi ya miaka 40, kisha tangu Julai 2016 ukaanza kutekelezwa kwa kasi ambayo hakuna aliyeitarajia. Wizara zikahama, na watumishi wakahama nazo. Sensa ya mwaka 2012 ilikuta hapa mjini watu takriban 411,000. Ile ya 2022 ikakuta zaidi ya 765,000. Tumezizungumza sana takwimu hizi katika mijadala ya viwanja, kodi za nyumba na foleni za magari. Hatujazizungumza kama hesabu ya watu waliong'olewa mahali walipozoea na kupandwa mahali pageni.

Nami nilikuwa mmoja wao. Mke wangu alibaki Morogoro kwa sababu ya kazi yake, na watoto wakabaki naye kwa sababu ya shule. Ijumaa jioni nilipanda basi, Jumapili usiku nikarudi. Nyumba niliyopanga ilikuwa na kitanda, meza, viti viwili na televisheni. Waume wengi wa mji huu, na wake si haba, wanaifahamu nyumba ya namna hiyo: nyumba ambayo mtu analala, haishi. Jioni nilikula chipsi mayai, nikasahihisha mitihani, nikaitazama simu mpaka saa saba za usiku.

Agosti 2019 baba yangu alifariki. Nilizika, nikakaa matanga siku tatu, nikarudi kazini kama mwanamume anavyotakiwa arudi. Mwezi uliofuata usingizi ukakatika. Niliamka saa tisa alfajiri nikiwa na uzito kifuani, nikangoja jua. Darasani nilisoma maandishi yangu mwenyewe pasipo kuyaelewa. Chakula kikawa hakina ladha. Nilijiambia ni uchovu, kisha nikajiambia ni malaria, nikapima, haikuonekana. Mtu mwenye shahada ya uzamivu, niliyezoea kuyapa majina matatizo ya jamii nzima, sikuweza kulipa jina tatizo lililokuwa ndani ya kifua changu.

Jirani yangu alikuwa bibi wa Kigogo, mjane, mwenye umri wa kutosha kuwa mama yangu. Tulikuwa tukisalimiana tu: yeye "Mbukwa", mimi "Shikamoo mama", kila mmoja akaenda zake. Jioni moja ya Oktoba, mwezi ambao vumbi la Dodoma huingia hata kwenye sukari, alinikuta nikimwaga nje beseni la maji niliyosuuzia vyombo.

"Mwalimu," akaniuliza, "hayo maji yamekukosea nini?"

Nikacheka kidogo. Yeye hakucheka. Akanieleza kwamba kwao maji hayamwagwi kabla hayajafanya kazi mbili. Kesho yake alikuja na jembe dogo na debe la samadi ya mbuzi, wala hakuniuliza kama nataka. Akachora mstari chini kwa mpini, akanikabidhi jembe.

Nilianza kuinua tuta, kama tulivyofundishwa shuleni kwetu kwenye mvua nyingi. Akanizuia. "Huku ukiinua tuta unaupa upepo chakula. Huku tuta linazamishwa." Tukachimba kitanda cha kina cha shubiri moja, tukachanganya udongo mwekundu na samadi, tukaacha kingo juu ili kila tone libaki ndani, tukatandaza majani makavu juu yake kuzuia jua. Somo hilo moja lilikuwa na jiografia yote ya nyanda hizi za kati. Dodoma hupata mvua ya wastani wa milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Miezi mingine saba ni jua na upepo. Kilimo cha hapa ni elimu ya kuyatunza maji kidogo uliyopewa.

Tulipanda mchicha, bamia na mche mmoja wa mpapai. Mchicha uliota siku ya tano. Nakumbuka asubuhi ile kwa sababu niliamka saa tisa kama kawaida, nikangoja kama kawaida, lakini kulipopambazuka nilitoka nje na tochi ya simu kutazama kama kuna kilichochomoza. Ilikuwa mara ya kwanza katika miezi miwili kuinuka kitandani nikiwa na sababu.

Sitaki kumdanganya msomaji kwamba siku hiyo nilipona. Nataka kueleza kwa usahihi bustani ilifanya nini, maana siku hizi yako mahubiri mengi ya furaha yasiyo na maelezo.

Kwanza, ilinipa wajibu mdogo. Huzuni nzito huufanya kila wajibu uonekane mlima: tasnifu za kusoma, ada za kulipa, wosia wa marehemu wa kutekeleza. Mchicha haudai hayo. Unadai lita tano za maji kabla jua halijakaza, na ukizipata umeridhika. Mtu aliyekata tamaa ya kufanya lolote huanza tena kuamini mikono yake kwa kazi inayokwisha ndani ya robo saa.

Pili, ilinirudisha kwenye mwili. Sisi wa ofisini na madarasani huishi kichwani. Baada ya kubeba ndoo kumi na kupalilia nikiwa nimechuchumaa, mgongo uliuma, na maumivu yale yalileta usingizi ambao dawa za kununua dukani zilishindwa kuuleta.

Tatu, na hili ndilo sikulitarajia, ilinipa watu. Nilikuwa nimekaa mtaani miaka miwili pasipo kujua jina la mtoto hata mmoja. Mchicha ulipostawi, watoto walitumwa kuomba mboga. Mama mmoja alinifundisha kunyunyiza majivu dhidi ya vidukari. Fundi baiskeli aliniletea chupa za plastiki, akatoboa vifuniko ili zidondoshe maji polepole kwenye shina la mpapai. Mvua za Desemba ziliposhuka, mlenda ukaota wenyewe pembeni mwa tuta. Bibi akanikataza kuung'oa, akaupika, tukaula kwa ugali wa uwele. Mwanamume aliyekuwa akila peke yake mbele ya televisheni akawa na mahali pa kula.

Nne, ilinifundisha hasara. Nyanya zangu za msimu wa pili ziliteketezwa na kantangaze ndani ya wiki mbili. Mbuzi wa jirani waliumaliza mpapai wa kwanza. Nilikasirika, kisha nikapanda tena. Katika kupanda tena, nadhani ndipo nilipoanza kumlilia baba yangu, ambaye alikuwa mkulima maisha yake yote, na ambaye sikuwahi kumuuliza alijisikiaje mahindi yake yalipokauka.

Wanaohitaji ushahidi wa kitaalamu wanao. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha uchunguzi wa wagonjwa 46 waliofanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani. Waliolala kwenye vyumba ambavyo dirisha lilitazama miti waliruhusiwa mapema zaidi, na walihitaji dawa kali za maumivu kwa kiasi kidogo kuliko wale ambao dirisha lao lilitazama ukuta wa matofali. Mwaka 2011 watafiti wa Uholanzi waliwapa wakulima wa bustani 30 jaribio la kuwatia wasiwasi, kisha nusu wakaenda kufanya kazi bustanini kwa nusu saa na nusu wakasoma ndani. Homoni ya msongo ilishuka kwa wote, lakini ilishuka zaidi kwa waliokuwa bustanini. Ni tafiti za watu wachache, na hazitoshi kujengea dini. Zinatosha kutuambia kwamba bibi yule hakuwa akibahatisha.

Afrika nayo ililijua jambo hili kabla ya tafiti hizo. Daktari Thomas Adeoye Lambo alianzisha mwaka 1954 huko Aro, karibu na Abeokuta nchini Nigeria, utaratibu wa wagonjwa wa akili kukaa na familia za vijijini jirani na hospitali, wakitibiwa huku wakishiriki maisha ya kawaida na kazi za shamba. Tanzania baada ya uhuru ilijenga pia vijiji vya marekebisho ambamo wagonjwa waliopata nafuu walilima na kufuga wakijiandaa kurudi kwao. Fikra ilikuwa njema: mtu huponea katikati ya watu, na mkono wenye kazi humkumbusha mtu kwamba bado ni mtu.

Basi kwa nini sisi wasomi tunalichukia jembe? Nadhani jibu ni la kisiasa, na linaanzia shuleni. Nikiwa shule ya msingi, aliyechelewa alipalilia. Aliyepiga kelele alimwagilia. Aliyesema Kiswahili kwenye kipindi cha Kiingereza alichimba shimo la taka. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilikusudia shamba la shule liwe darasa; walimu wengi wakaligeuza kuwa mahakama. Mwaka 1972 likaja azimio la Siasa ni Kilimo, na baada ya ukame wa miaka iliyofuata ikaja kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona. Sina dharau kwa nia ya kampeni hizo. Nchi ilikuwa na njaa ya kweli. Lakini kwa miongo kadhaa jembe lilikuja kwetu likiwa amri au adhabu, na kitu kilichokujia kama adhabu ukiwa na miaka kumi hukikimbilii ukiwa na miaka arobaini. Tunamaliza shule tukiapa kwamba hatutashika tena jembe, kisha tunashangaa kwa nini mikono yetu haina pa kuupeleka wasiwasi wake.

Ndiyo maana nasisitiza: bustani huponya pale tu inapokuwa ya hiari. Ikiwa kesho waraka utatoka kuwaamuru watumishi wote wawe na bustani ya afya ya akili, na mkaguzi apite na daftari, tutakuwa tumeitengeneza adhabu ile ile kwa jina jipya. Hata kazi za mikono hospitalini zina hatari hiyo; mgonjwa anayelima kwa manufaa ya taasisi na si yake mwenyewe hatibiwi, anatumikishwa.

Naonya pia dhidi ya ulaini wa mtu mwenye mshahara kulisifia jembe. Mchicha wangu ukikauka nanunua sokoni. Mkulima wa Bahi au Chamwino uwele wake ukikauka, mwaka wake umekwisha. Wagogo wanaikumbuka njaa kuu ya Mtunya ya 1918 hadi 1920, iliyokuja kwa ukame juu ya nchi ambayo majeshi ya Vita Kuu yalikuwa yameshaipora nafaka, ng'ombe na nguvu za watu. Nilipomwambia bibi kwamba kilimo kinaleta furaha, alinitazama kwa muda. "Kinaleta ukishiba," akasema. Sijaona mwanafalsafa aliyelisema vizuri zaidi.

Narudi kwenye hadithi yangu, kwa sababu ina sehemu ambayo watu hupenda kuiruka. Katikati ya mwaka 2020 bustani ilikuwa imenawiri, na mimi nilikuwa nimeanguka tena. Safari hii yalikuja mawazo ya kutotaka kuendelea kuishi. Nilimwagilia asubuhi, nikasimama pale na ndoo tupu, nikashindwa kurudi ndani. Bibi alinikuta hivyo. Hakuniuliza maswali mengi. Alisema: "Mwanangu, mmea ukinyauka na udongo una maji, ugonjwa uko kwenye mzizi. Nenda kwa waganga wa hospitali."

Nilikwenda. Nilikwenda Mirembe ile ile, nikaketi kwenye benchi la wagonjwa wa nje nikiwa nimevaa kofia iliyoshuka mpaka kwenye nyusi. Kwenye benchi lile nilimwona mtu ninayemfahamu kutoka wizara moja, naye aliniona. Kila mmoja akajifanya anasoma simu. Siku ya miadi ya tatu tukasalimiana. Nilipewa dawa, nikapewa mtu wa kuzungumza naye, na baada ya miezi kadhaa uzito ukapungua. Kwa hiyo asitoke mtu hapa akamwambia mgonjwa wa sonona akapande nyanya. Bustani haikuwa badala ya hospitali. Ilinishikilia nisianguke mpaka nikafika hospitali, na iliyenisukuma kwenda ni mtu niliyempata kwa njia ya bustani.

Sasa niseme na wenye mamlaka, maana furaha ya raia si jambo la moyoni tu. Ina ramani na ina bomba. Ramani ya kwanza ya makao makuu, ya mwaka 1976, iliuwaza mji huu kama jumuiya ndogo ndogo zenye nafasi za wazi kati yake. Leo tunapima viwanja vidogo, tunavisakafia ukuta hadi ukuta, na tunaita hayo maendeleo. Naomba mambo matatu. Kila mtaa unaopimwa uachiwe eneo dogo la bustani za wakazi, linalolindwa kisheria kama barabara inavyolindwa. Nyumba za watumishi zijengwe zikiwa na mfumo wa kuvuna maji ya mvua na kutumia tena maji ya kusuuzia, kwa kuwa mtaa wenye mgao wa maji hauwezi kuambiwa uote maua. Na mtumishi anapohamishwa, familia yake ihesabiwe katika uhamisho huo, kwa sababu hakuna tuta la mchicha linaloweza kuziba nafasi ya mtoto.

Kwa walimu wenzangu nina ombi moja tu: tusiitumie tena bustani kama fimbo. Mtoto aliyekosa apewe adhabu nyingine, na aliyefanya vizuri ndiye aruhusiwe kumwagilia.

Na wewe mtumishi unayeisoma makala hii usiku kwenye chumba chenye kitanda, meza na viti viwili, anza na ndoo moja iliyotoboka. Itie udongo na samadi, panda mchicha, uimwagilie maji uliyosuuzia vyombo. Baada ya wiki nne mpelekee jirani fungu la kwanza, umsalimie kwa lugha yake. Ikiwa hata hivyo usiku hauishi, nenda hospitali, na usivae kofia.

Mwezi uliopita niliitafuta namba ya binti yule aliyesimama mlangoni pangu. Amekwisha kuhitimu na ni mwalimu wa sekondari. Nilimwandikia radhi ambayo nilipaswa kuitoa siku ile, nikamweleza pia kwamba nami nimeketi kwenye benchi lile. Alijibu siku ya pili. Alisema mama yake yuko nyumbani, anatumia dawa zake vizuri, na msimu huu amelima karanga.